Kuku aliyeumia mdomo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba hapa Mikindani, Mtwara, si wengi, kumi na wanne kwa sasa. Miaka miwili iliyopita nilinunua mtetea mwenye madoa kama ya kanga. Aliletwa kwa baiskeli, miguu imefungwa, kichwa kinaning'inia, na njiani mdomo wake ukagonga spoku za gurudumu. Alipofika, ncha ya mdomo wa juu ilikuwa imeng'oka, na mdomo wa chini umejitokeza mbele kama kijiko. Nikamsafisha damu, nikamwagia mahindi, nikamwona anadonoa, moyo ukatulia. Alidonoa kutwa kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu nilipompapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, nikalikuta limelala, tupu, kama puto lililoishiwa pumzi, na mfupa wa kidari umesimama kama kisu. Punje zilikuwa zinaruka tu, haziingii.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia hivi: kidonda cha mdomo mara nyingi hupona, kinachomuua kuku ni njaa. Na njaa hiyo huioni kwa macho, maana kuku anaonekana yuko mezani. Majibu mengi hapa chini yanarudi hukohuko.

Kuku ameumia sasa hivi, damu inatoka. Nianzie wapi?

Anzia kwa kumtuliza. Mviringishe kwenye kanga au taulo, mabawa yabanwe ubavuni, kichwa tu kibaki nje. Akifunikwa macho kidogo anatulia zaidi. Usimbane kifua, maana kuku hupumua kwa kupanua kifua na ukikikaza atakosa pumzi.

Chukua kitambaa safi au pamba, ubonyeze palipokatika kwa dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua. Angalia usizibe matundu ya pua. Kama damu haijakata, bonyeza tena ukiwa umeweka wanga kidogo au unga mkavu wa ngano. Unasaidia damu kuganda. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu kama mililita 100 tu mwilini, chini ya nusu glasi, kwa hiyo damu inayoonekana kidogo kwako kwake ni nyingi.

Damu ikishakata, osha uchafu kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Dondosha taratibu kwa pamba, usimwagie. Kisha mpeleke mahali penye kivuli na giza kidogo, umwache apumzike saa moja au mbili kabla ya kumletea chakula. Nimeona watu wengi wanaanza kumlisha kwa nguvu damu ikiwa haijakauka. Si wakati wake.

Nitajuaje kama limetoka ganda tu au ni mfupa?

Mdomo wa kuku una tabaka tatu. Nje ni ganda gumu, la kitu kilekile kinachotengeneza kucha zako. Katikati kuna mfupa. Kati ya hivyo viwili kuna nyama nyembamba iliyo hai, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana kuku aliyeumia mdomo anaumwa kwelikweli, tena sana.

Ganda likibanduka utaona nyama nyekundu au ya waridi, nyororo, lakini umbo la mdomo bado liko palepale. Mfupa ukivunjika, umbo lenyewe limepotea: mdomo umefupika, au unacheza ukiugusa, au wa juu na wa chini haviendi pamoja. Fungua mdomo utazame na ndani pia. Ufa unaoonekana mdogo kwa juu wakati mwingine umepita hadi kwenye paa la kinywa.

Utaota tena?

Ganda huota maisha yote ya kuku, likisukumwa kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha. Ikiwa iliyokatika ni ncha na shina liko salama, subiri; kipande kidogo huchukua wiki kadhaa, kikubwa huchukua miezi. Wa kwangu alichukua kama miezi mitatu, na hadi leo ncha yake ni butu.

Mfupa uliokatika hauoti upya. Ganda linaweza kufunika palipobaki, lakini kuku huyo atakuwa na mdomo mfupi mpaka mwisho wake. Hiyo haina maana kwamba hataishi. Nimeona kuku wa aina hiyo wakitaga na kunenepa, kwa sharti kwamba mwenyewe haachi kuwalisha kwa namna yao.

Kipande kinaning'inia. Nikivute, nikikate, au nikigundishe?

Usikivute. Kinachoning'inia mara nyingi bado kimeshikwa na nyama hai, na ukikivuta unachana mpaka shinani, mahali ambapo ndipo mdomo mpya unatoka. Kikiwa kimeshikwa na uzi mwembamba mkavu tu, kisicho na damu, kinaweza kukatwa kwa kikata kucha kilichosafishwa kwa spiriti. Vinginevyo kiache, kinakinga nyama iliyo chini yake kama bandeji.

Kuhusu gundi: ndiyo, madaktari wa mifugo huziba nyufa kavu za ganda kwa gundi ya haraka. Ni kwa ufa wa nje tu, usio na damu wala uchafu, na gundi isisogelee pua, ulimi wala jicho. Gundi ikifunika kidonda kichafu, usaha unafungiwa ndani. Mimi sijawahi kuthubutu, na sikushauri uanzie kwa kuku wako.

Nimpake dawa gani?

Maji ya chumvi mara mbili kwa siku yanatosha kwa majeraha mengi. Ukiwa na ayodini ya kuoshea vidonda, izimue mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, upake kwa nje tu, mbali na macho na ndani ya kinywa. Asali safi, tone jembamba juu ya nyama iliyo wazi, inafaa pia, na kuku akiilamba haimdhuru.

Sasa visivyofaa, na hapa nasema kwa mkazo kwa sababu ndivyo vilivyo karibu na mikono yetu huku kusini: mafuta ya taa, oili chafu, na dawa za mikorosho. Salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inakaa kwenye nyumba nyingi, na mtu akiona unga wa njano anasema si ni dawa. Inawasha macho, pua na kidonda. Zile za maji za kupulizia ni sumu moja kwa moja. Na msimu wa kubangua korosho, usimweke mgonjwa karibu na mahali mnapochoma na kupasua. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi ya mkono wako. Fikiria yanavyofanya kwenye nyama isiyo na ganda, na moshi wake kwenye kifua cha ndege.

Vidonge vya maumivu vya watu usimpe kwa kukisia. Kipimo cha kuku kinatoka kwa daktari wa mifugo.

Anadonoa siku nzima lakini anakonda. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenyewe.

Kuku mzima huokota punje kwa ncha mbili zinazokutana, kama wewe unavyookota sindano kwa kidole gumba na cha shahada. Ondoa ncha moja, uone kama sindano itaokoteka. Kuku mwenye mdomo wa juu mfupi anapiga punje kwa nyama, inaruka, anaifuata, anapiga tena. Kwa macho ya mwenye nyumba huyo ni kuku mwenye hamu ya kula.

Usiamini macho, amini mkono. Jioni, kuku wakishapanda, mpapase gole upande wa kulia wa kifua juu. Linatakiwa liwe limejaa, kama limao kubwa au zaidi. Alfajiri kabla hajala mpapase tena: linatakiwa liwe limeshuka. Gole tupu jioni maana yake siku hiyo hakula, hata kama umemwona anadonoa. Gole lililojaa asubuhi maana yake chakula hakishuki, na hapo kuna tatizo jingine la kumpeleka kwa mtaalamu. Kisha pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Nyama ikiwa imejaa pande zote mbili, vizuri. Mfupa ukiwa umechomoza kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, una siku chache tu za kurekebisha. Mwenye mzani wa jikoni ampime kila baada ya siku mbili na aandike.

Dawa ya tatizo hili ni chombo. Kuku asiyeweza kuokota bado anaweza kuchota, mradi chakula kiwe na kina. Kisiwe sahani, kisiwe sinia. Kina cha sentimita tano hadi nane, chakula laini, mdomo mzima uzame mpaka karibu na pua bila kuifikia, afumbe, ainue kichwa.

Nilijaribu bakuli la plastiki likapinduka, nikajaribu kopo kingo zikamkwaruza. Mwisho nikachukua kifuu cha nazi kilichokatwa nusu, kikubwa, nikakisugua ndani kwa mchanga mpaka kikawa laini, kisha nikakikalisha juu ya ngata, ile ile ya kubebea ndoo kichwani. Hakiyumbi. Kimekuwa cha duara ndani, hakina pembe ya chakula kujificha, kwa hiyo kila anapozamisha mdomo, mash, yaani chakula cha kusagwa kilicholowekwa, inateleza kurudi katikati. Mara ya kwanza alisimama akakitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akakitazama kwa jicho la pili, kisha akaingiza mdomo wote na kuinua kichwa huku mash imemjaa mpaka kidevuni. Jioni ile gole lilikuwa gumu kama ngumi ya mtoto. Nilikaa naye pale bandani mpaka adhana ya Isha.

Nimwandalie nini?

Kama unapata chakula cha kuku wa mayai cha kusagwa, kiloweke kwa maji ya uvuguvugu, basi. Kama hupati, tengeneza: unga wa dona au pumba laini konzi tatu, dagaa waliosagwa konzi moja, mashudu ya alizeti au ufuta konzi moja, na chokaa ya mifugo kijiko cha chai kwa kuku anayetaga. Dagaa wawe wasiotiwa chumvi, au waoshwe vizuri kwanza. Chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Siku mbili tatu za mwanzo ongeza yai lililochemshwa likapondwa.

Uzito wa uji wake uwe kati ya uji na ugali. Chora mstari kwa kidole: ukifunga papo hapo ni mwepesi mno, utampita, ukibaki wazi kabisa ni mzito, utamgandia mdomoni. Unatakiwa ufunge polepole.

Kuku mkubwa hula karibu gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Gawa mara tatu au nne. Joto letu la Desemba mpaka Machi linachachusha mash ndani ya saa chache, kwa hiyo kilichobaki baada ya saa mbili kitoe, osha kifuu, anika juani. Mahindi au karanga zenye ukungu usitumie hata kidogo. Sumukuvu humuumiza kuku ini, na mgonjwa hana nguvu ya kupambana nayo. Muhogo mbichi na maganda yake achana navyo pia. Papai na ndizi mbivu vilivyopondwa ni vya kumfurahisha, si chakula kamili.

Na maji?

Chombo chenye kina vilevile, kama kikombe cha chai kilichozikwa mchangani kisianguke. Kuku huchota maji mdomoni kisha huinua kichwa yateremke. Mdomo wa chini ukiwa umevunjika yanamwagika kabla hajainua, kwa hiyo atahitaji kunywa mara nyingi zaidi. Maji yawe jirani na chakula, yabadilishwe kila yanapochafuka na mash, kwani yatachafuka kila mlo.

Nimlishe kwa bomba la sindano?

Si kwa kumpulizia. Tundu la njia ya hewa ya kuku liko nyuma kidogo ya ulimi, wazi kabisa. Ukisukuma kimiminika kinywani kinaingia mapafuni, na kuku anakufa mikononi mwako kwa kitu ulichompa kwa huruma. Akiwa dhaifu sana, dondosha tone moja moja ubavuni mwa mdomo, ngoja ameze, ndipo la pili. Kulisha kwa mrija mpaka goleni kunawezekana, lakini fundishwa kwanza na mtu anayejua, ukiwa umesimama naye.

Nimtenge na wenzake?

Ndiyo, tangu saa ile ile. Kuku wakiona damu hudonoa, na hawajui kuacha. Lakini asiwe mbali. Mtenge mahali wanapoonana na kusikiana, vinginevyo atanyong'onyea, na ukimrudisha baada ya wiki mbili watampiga kama mgeni. Mimi namfunika kwa tenga kubwa ndani ya banda lilelile, kanga juu yake nusu. Angalia matundu ya tenga yasiwe ya kunasa mdomo.

Kidonda kikikauka mrudishe usiku, akae kwenye fito na wenzake waamke wote pamoja. Hata hivyo chakula chake kibaki cha peke yake. Wenye midomo mizima watamaliza kifuu kabla hajachota mara tatu.

Anaweza kuwaambukiza wengine?

Jeraha haliambukizi. Lakini soma na swali la vipele hapo chini.

Ni lini nimwite bwana mifugo?

Siku hiyohiyo, kama damu haikati baada ya kubonyeza kwa nusu saa, kama mfupa umevunjika, au kama mdomo umepasuka mpaka kwenye pua. Pia ukiona harufu mbaya, usaha, uso umevimba, au gole tupu jioni mbili mfululizo licha ya kifuu. Anzia kwa afisa mifugo wa kata. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, nayo ina kituo hapa Mtwara kwa mambo yanayohitaji vipimo.

Usianze na paketi ya antibayotiki kwa sababu jirani alitumia. Jeraha safi haliihitaji, na lililooza linahitaji ile sahihi kwa siku kamili. Na kila dawa ina idadi ya siku za kutokula mayai na nyama, iliyoandikwa kwenye paketi. Iheshimu.

Mbona amejaa chawa tangu aumie?

Kwa sababu mdomo ndio chanuo lake. Kuku mzima hupitisha manyoya mdomoni unyoya kwa unyoya, anatoa vumbi, anaponda chawa, anapaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Asiye na mdomo hawezi, na wadudu wanajua. Watu wengi wanalisha vizuri, kuku ananenepa, kisha baada ya mwezi anaanza kupauka na hawajui kwa nini.

Kila wiki mfunue manyoya chini ya mbawa na kuzunguka tundu la haja. Vitu vya rangi ya majani makavu vinavyokimbia ni chawa. Vidoa vidogo vyeusi au vyekundu vinavyotembea ni utitiri. Vidoa vyeusi vilivyong'ang'ania usoni na kwenye upanga ni viroboto. Mwekee shimo la kuogea lenye mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa kabisa. Anaoga kwa miguu na mabawa, hilo halihitaji mdomo. Wakizidi, nunua dawa ya unga ya kuku kwenye duka la dawa za mifugo, usipake usoni. Pumba zilizogandia kidevuni zioshe kila jioni. Zikiachwa zinaoza na kuita nzi.

Mdomo mmoja sasa umekuwa mrefu, unapita mwingine.

Midomo miwili husagana, ndivyo inavyobaki na urefu wake. Mmoja ukikatika, wa pili hauna wa kuusaga. Punguza kidogo kidogo kwa tupa ya kucha, mara moja kila wiki mbili au tatu. Simama naye kwenye mwanga mkali: sehemu inayopitisha mwanga na isiyo na kivuli cha waridi ndani ndiyo ya kupunguza. Penye waridi kuna damu, simama hapo. Weka na jiwe gumu au kipande cha tofali karibu na chakula chake; kuku wengi hufuta midomo hapo na kuinoa wenyewe.

Kifaranga wangu mdomo umepinda kama mkasi. Aliumia?

Pengine hapana. Mdomo wa mkasi hutokana na kurithi, au kasoro wakati yai linaatamiwa, na huonekana zaidi kadiri kifaranga anavyokua. Usijaribu kuunyoosha kwa vidole. Mlishe kwa chombo chenye kina, umpunguzie ncha, na usimtumie kuzalisha.

Ukiuona mdomo wa kifaranga unapinda ukiubonyeza, laini kama mpira, ni jambo jingine: amekosa vitamini D, kalsiamu au fosforasi. Naliona kwa vifaranga waliofungiwa ndani ya boksi wiki nzima nzima bila jua, wakilishwa pumba tupu. Watoe juani asubuhi, wabadilishie chakula. Na wale wanaokula unga laini sana, angalia haujagandia ndani ya mdomo, kwani ukikaa siku nyingi unaozesha ganda.

Nimenunua kuku wa mayai waliochoka, wote midomo mifupi. Ni ugonjwa?

Walikatwa midomo wakiwa vifaranga ili wasidonoane kwenye mabanda yenye msongamano. Wape chakula cha kusagwa chenye kina, watakula. Wewe mwenye kuku kumi uani huna sababu ya kumkata kuku mdomo kwa kisu cha moto. Kuku wakidonoana, wape nafasi, viota vya kutosha, majani ya kuchezea na protini.

Kuna vipele na magamba kando ya mdomo.

Hiyo inafanana na ndui ya kuku, siyo jeraha, na inaambukiza kupitia mbu na kugusana. Mtenge mbali, usibandue magamba, mwite mtaalamu. Kuvimba uso na makamasi pia si mdomo, mara nyingi ni mafua ya kuku.

Na kwa kuwa tuko kwenye magonjwa: chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) iitwayo I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, wape kuku wazima. Mgonjwa msubiri apate nguvu. Ukimpeleka mnadani au kwa jirani mwenye kuku kisha ukamrudisha, unaweza kurudi na kideri nyumbani, na hapo utasahau habari ya mdomo.

Mayai na nyama yake vinalika?

Vinalika, kama hajapewa dawa. Usishangae akiacha kutaga kwa wiki kadhaa. Mwili unajijenga kwanza.

Ni lini niamue kumchinja?

Nimeshaamua hivyo mara moja, kwa jogoo aliyekamatwa na nguchiro. Mdomo wa juu wote ulikuwa umekwenda mpaka kwenye pua, ulimi umekauka kwa kukaa wazi, hawezi kumeza hata tone. Nilimngoja siku mbili na nadhani hata mbili zilikuwa nyingi.

Kama hawezi kumeza, kama pua imeharibika na anapumua kwa shida, au anakonda licha ya kila ulichofanya kwa wiki nzima, usimngoje afe mwenyewe. Akifa ni kibudu, halali kwa mtu hakuna, na ameteseka bure. Mchinje kwa kisu kikali, mapema, angali ana nguvu.

Nifanyeje yasinitokee tena?

Pita banda ukiwa umeinama, kwa urefu wa macho ya kuku. Ncha za waya zilizokatwa zipinde nyuma. Wavu wenye matundu ya kupitisha kichwa ubadilishe, maana nguchiro akija usiku kuku hujirusha humo na mdomo hunasa. Mbuzi ya nazi iinuliwe baada ya kukuna. Wanapenda kudonoa mabaki kwenye yale meno ya chuma. Majogoo wawili wa kuchi, wale kuku wa kupigana, wasikae banda moja.

Na ukinunua kuku, mfuate na tenga. Usikubali aletwe kichwa chini kwenye baiskeli au bodaboda, hata kama muuzaji anasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hata ingekuwa haipo, kuku mmoja ndani ya tenga hagharimu chochote zaidi. Ningekwenda mwenyewe siku ile, mtetea wangu asingeumia.

Ataweza kuatamia na kulea?

Mpe kwanza muda. Kuku anayeatamia hula kidogo kwa siku 21, na aliyekonda hatafika salama. Mayai pia hugeuzwa kwa mdomo mara nyingi kwa siku, na mdomo wenye kidonda utauma.

Wa kwangu nilimnyang'anya mayai mara ya kwanza. Mara ya pili mdomo ulikuwa umeshafunika, nikamwekea tisa, wakatoka sita. Hofu yangu ilikuwa vifaranga watajifunzaje kuokota kwa mama asiyeokota. Siku ya pili aliwaongoza mpaka kwenye kifuu, akazamisha mdomo, akatikisa kichwa kwa nguvu kushoto na kulia, mash ikatawanyika chini, akaanza kuwaita.